TUJIANDAE VIPI NA MTIHANI WA KIINGEREZA WA MWISHO WA MUHULA?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo kwa kawaida halizungumzwi katika jarida la madrasa, nalo ni mtihani wa Kiingereza wa shuleni. Huenda mtu akauliza, walimu wa madrasa wana habari gani na Kiingereza? Jibu letu ni kwamba watoto tunaowasomesha Qur'an jioni ndio hao hao wanaokaa shuleni asubuhi, na linalowapata kule hurudi nalo huku.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na kijana aliyehifadhi juzuu kumi. Aliingia kidato cha kwanza akitokea shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili, kama ilivyo kwa watoto wetu wengi hapa Tanga. Ulipofika mwezi Juni alirudi na ripoti ya kusikitisha. Hakuanguka Kiingereza peke yake, bali aliangukia pia Baiolojia, Jiografia na Historia. Tulimwita tukamuuliza kwa Kiswahili kazi ya majani na mizizi ya mmea, akajibu yote bila kusita. Tukamwambia, mbona unajua? Akasema, "Maalim, jibu nilikuwa nalo. Swali ndilo sikulielewa."

Baba yake aliamua kumtoa madrasa ili jioni aende tuisheni. Nasi walimu, badala ya kukaa na mzee yule tukashauriana, tulikasirika. Tulisema dunia imemchukua. Kijana alirejea baada ya mwaka mmoja, lakini juzuu nne zilikuwa zimemtoka kifuani. Tunakiri kwamba katika jambo lile tulikosea. Makala hii imetokana na kosa hilo, na tunamuomba Allah (S.W.) aifanye kuwa sehemu ya kulirekebisha.

JE, KUNA UBAYA KUJIFUNZA LUGHA YA WATU WENGINE?

Baadhi ya wanafunzi wetu huona kwamba kukisoma Kiingereza kwa bidii ni kupungukiwa na dini. Fikra hii haina msingi. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu ametaja kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara zake. Naye sahaba Zayd bin Thabit (R.A.), mwandishi wa wahyi, amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alimuamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi ili awasomee Waislamu barua zao na kuwaandikia majibu. Akajifunza, na haikupita nusu ya mwezi ila alikuwa ameyamudu. Tuzingatie kwamba Zayd alikuwa bado kijana, na kwamba aliyemuamuru ni Mtume mwenyewe.

Aidha, tusidhani kwamba lugha zimetengana kama tunavyofikiri. Neno "algebra" mnalolikuta katika Hisabati limetokana na neno la Kiarabu "al-jabr", lililomo katika jina la kitabu cha mwanachuoni Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Maneno "sugar" na "cotton" nayo yamefika katika Kiingereza kwa kupitia Kiarabu, na neno "safari" Waingereza wamelichukua kwetu sisi Waswahili. Kwa hiyo mwanafunzi asiingie katika somo hili kama mtu anayeingia nyumba ya wageni. Humo ndani vimo vyombo vya kwao.

MTIHANI WENYEWE UNA NINI?

Mitihani hutofautiana kutoka shule hadi shule na kidato hadi kidato, lakini mingi ina sehemu hizi: kifungu cha habari chenye maswali, ufupisho, sarufi na matumizi ya maneno, kisha utungaji au barua. Wanaosoma vitabu vya hadithi huulizwa pia kuhusu wahusika na mafunzo yake.

Jambo la kwanza la kujifunza ni maneno ya maagizo, kwani asiyelijua agizo hupoteza alama za jibu analolijua. "Choose" ni chagua. "Fill in the blanks" ni jaza nafasi zilizo wazi. "Match" ni oanisha. "Rewrite" ni andika upya, na hapo lazima sentensi iandikwe yote, si neno lililobadilika tu. "Underline" ni pigia mstari. "Give reasons" ni toa sababu, na herufi ile ya "s" mwishoni inakuambia kwamba sababu moja haitoshi. "Summarise" ni fupisha. Maneno haya hayafiki ishirini kwa mtihani mzima. Mwanafunzi ayaandike katika ukurasa mmoja wa daftari na ayajue kama anavyoijua Al-Fatiha.

MAKOSA YANAYOTUANGUSHA MARA KWA MARA

Tumekusanya madaftari ya wanafunzi wetu na kuangalia wapi kalamu nyekundu ya mwalimu imepita zaidi. Tumeona kwamba makosa mengi si ya ujinga. Ni ya kuvaa Kiingereza kanzu ya Kiswahili. Tutataja saba.

1. Yeye mwanamume na yeye mwanamke. Kiswahili kinasema "anasoma" kwa wote wawili, lakini Kiingereza kinatenganisha "he" na "she". Kiarabu nacho hutenganisha "huwa" na "hiya", basi mwanafunzi wa madrasa asipate tabu. Kila anapoandika ajiulize, hapa ningesema huwa au hiya?

2. Herufi "s" ya kitenzi. Husemwa "I read" na "they read", lakini ni "she reads". Akiwa ni mtu mmoja anayezungumziwa, na jambo ni la kawaida kila siku, kitenzi huongezwa "s". Kosa hili ni dogo kwa umbo lakini hula alama nyingi, kwa sababu hurudiwa katika kila mstari.

3. Kitenzi baada ya "did". Wengi huandika "I did not went". Neno "did" limeshabeba wakati uliopita, hivyo kitenzi kinachofuata hurudi katika umbo lake la asili: "I did not go".

4. "Nimefika jana". Sisi husema hivyo na hakuna anayetulaumu. Kiingereza hakikubali "I have arrived yesterday". Ukitaja wakati uliokwisha kupita, kama jana au mwaka 2020, sema "I arrived yesterday".

5. Mahali. Sisi tuna "-ni" moja: mezani, mfukoni, nyumbani. Kiingereza kina "on the table", "in the pocket" na "at home". Hapa hakuna njia ya mkato. Kila neno lihifadhiwe pamoja na mwenzake.

6. Kuazima. Kwa Kiswahili anayetoa na anayepokea wote wanaazima. Kwa Kiingereza anayepokea ni "borrow" na anayetoa ni "lend". Kwa hiyo usimwambie mwenzio "borrow me your pen", bali "lend me your pen".

7. Saa. Saa zetu zinahesabiwa tangu kuchomoza na kuzama kwa jua, na za Kiingereza zinaanzia saa sita ya usiku na ya mchana. Tofauti ni saa sita. Saa 2 asubuhi ni "eight o'clock", na saa 10 alasiri ni "four o'clock". Vile vile, sisi tukisema usiku wa Ijumaa kwa hesabu ya Kiislamu tunakusudia usiku unaoingia kwa Magharibi ya Alhamisi. Kwa Kiingereza usiku huo ni "Thursday night". Mwanafunzi akiandika "Friday night" atakuwa amesogea siku nzima.

SILAHA TUNAZOTOKA NAZO MADRASA

Wanafunzi wetu wana silaha ambazo wenzao hawana, ila hawajui kuzitumia nje ya madrasa.

Ya kwanza ni makharij. Mwanafunzi aliyefundishwa kutoa "thaa" na "dhaal" ana matamshi ambayo Kiingereza kinayahitaji. Tatizo ni kwamba Kiingereza huandika sauti zote mbili kwa herufi "th". Katika "think" na "three" ni "thaa". Katika "this" na "mother" ni "dhaal". Kila anapojifunza neno lenye "th", aandike juu yake kwa risasi herufi ya Kiarabu inayostahiki.

Ya pili ni tasrif. Kama tunavyosoma kitenzi cha Kiarabu katika madhi na mudhari kwa sauti mpaka ulimi ukazoea, ndivyo tunavyoweza kusoma vitenzi vya Kiingereza vitatu vitatu: "go, went, gone", "write, wrote, written", "eat, ate, eaten". Wasome wawili wawili, mmoja aanze na mwenzake amalizie.

Ya tatu ni murajaa. Hakuna aliyehifadhi juzuu kwa usiku mmoja. Anahifadhi kidogo, anarudia cha jana, anasikilizwa, anasahihishwa. Mwanafunzi huyo huyo ukimtazama shuleni utaona anangoja usiku wa kuamkia mtihani ndipo afungue daftari la Kiingereza! Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ni chache. Mafunzo hayo hayakuwekewa mpaka kwenye mlango wa madrasa.

RATIBA YA WIKI NNE

Tunapendekeza dakika 40 kila siku, baada ya sala ya Alfajiri kwa anayeweza, au baina ya Magharibi na Isha. Dakika 15 ni za maneno mapya, dakika 10 za kusoma kwa sauti, na dakika 15 za kuandika. Maneno mapya yawe 10 kwa siku tano za wiki, na siku mbili zinazobaki ni za murajaa tu. Kwa wiki nne atakuwa na maneno 200. Haba na haba hujaza kibaba.

Wiki ya kwanza: afungue majaribio na mazoezi yote ya muhula, aandike kila kosa lililopigwa kalamu nyekundu na usahihi wake. Huu ndio muhtasari wa mtihani wake yeye binafsi.

Wiki ya pili: vitenzi na nyakati, pamoja na "a", "an" na "the". Akumbuke kwamba "an" hufuata sauti, si herufi. Ndiyo maana ni "an hour" lakini ni "a university".

Wiki ya tatu: kifungu cha habari na ufupisho. Asome maswali kwanza, kisha kifungu mara mbili, ndipo ajibu. Jibu litoke katika kifungu, si katika fikra zake. Kwenye ufupisho atafute wazo moja kuu la kila aya, alieleze kwa maneno yake, na ahesabu maneno asizidishe idadi aliyopewa.

Wiki ya nne: barua na utungaji, kisha mtihani mzima wa zamani akiwa ameweka saa mbele yake. Barua ya kirafiki ina anwani moja, ya kikazi ina anwani mbili na kichwa cha habari. Katika utungaji aandike sentensi fupi anazozimiliki. Asitunge kwanza kwa Kiswahili kirefu kisha ahangaike kukifasiri, maana hapo ndipo maneno humkimbia.

Tuangalie pia kalenda zetu mbili. Mwaka 2025 Idi ya kuchinja iliangukia mwanzoni mwa Juni, karibu na kipindi cha mitihani ya mwisho wa muhula. Anayepanga mapema hula Idi yake kwa furaha.

SIKU YA MTIHANI

Alale mapema. Aamke, asali, ale chochote, aondoke nyumbani na kalamu mbili. Kama mtihani ni wa mchana, asali Adhuhuri kabla ya kuingia ili moyo utulie. Asome ile dua ya Nabii Musa (A.S.) iliyomo katika Surat Taha, aya ya 25 mpaka ya 28, alipomuomba Mola wake amkunjulie kifua na amfungulie fundo la ulimi. Watoto wa chuo wote mnaijua kwa moyo.

Akipewa karatasi, asome maagizo yote kabla ya kuandika. Tuchukue mtihani wa saa mbili wenye alama 100. Dakika 10 za mwanzo ni za kusoma, dakika 10 za mwisho ni za kuhakiki, zinabaki 100. Maana yake kila alama ina dakika moja. Swali la alama 5 likimshinda kwa dakika tano, aliruke, aendelee, kisha alirudie. Katika dakika za kuhakiki atafute yale makosa saba tuliyoyataja.

Ama kuhusu kuibia, tunasema bila ya kuficha. Kuingia na vikaratasi, kuandika kwenye kiganja au kumchungulia mwenzio ni ghushi, na Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kughushi. Tumesikia wanafunzi wakisema kwamba katazo hilo ni la biashara ya chakula sokoni. Je, aliyepata cheti kwa kuibia kisha akaajiriwa kwa cheti hicho, mshahara wake ataula kwa hoja ipi? Alama 35 za halali zina heri kuliko 80 za wizi, kwani mwenye 35 anajua aongeze wapi.

Na asiyejiandaa asitegemee dua peke yake. Yule mtu aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliambiwa na Mtume (S.A.W.) amfunge kwanza, kisha ategemee. Daftari ndiyo kamba yetu.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu, tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, mtoto akianguka Kiingereza, msimtoe madrasa kabla ya kuzungumza nasi. Tangu lile tukio tulilolieleza, tumepanga kwamba wiki tatu kabla ya mitihani ya shule hatutoi hifdhi mpya. Tunafanya murajaa tu, tunawaachia watoto nusu saa mapema, na chumba kimoja hubaki wazi chenye taa baina ya Magharibi na Isha kwa anayetaka kujisomea. Saa za jioni zinatosha kwa Qur'an na kwa shule, ikiwa sisi na nyinyi tutakaa tukazigawa.

Pili, wasichana. Tumeona nyumba ambazo kaka anaambiwa nenda kasome, na dada mwenye mtihani ule ule yupo jikoni mpaka saa nne usiku, kisha ripoti ikija anaulizwa kwa nini amefeli. Vyombo vinaweza kuoshwa na kijana wa kiume, na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake. Mpeni binti dakika zake 40.

Tatu, msiseme kwamba kwa kuwa hamkusoma Kiingereza hamuwezi kusaidia. Mama anaweza kushika daftari na kumuuliza mtoto neno kwa Kiswahili, mtoto akajibu na kuliandika, kisha wakalinganisha herufi. Baba anaweza kumwambia, nisimulie kwa Kiswahili hadithi uliyoisoma leo. Asiyeweza kuisimulia hakuielewa, na hilo linajulikana bila ya kujua Kiingereza hata kidogo.

HITIMISHO

Yule kijana wa juzuu kumi alimaliza kidato cha nne na akapata C ya Kiingereza. Hakufanya muujiza wowote. Alijifunza maneno ya maagizo, akaandika makosa yake, akafanya murajaa. Zile juzuu nne zilizomtoka, mpaka tunaandika makala hii amezirudisha mbili, na kila Jumamosi huja kusikilizwa. Kila tunapomsikiliza tunakumbuka kwamba mbili nyingine zingekuwepo kifuani mwake laiti sisi na baba yake tungekaa jamvini saa moja tu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, awape ufasaha katika ndimi zao, na asiifanye elimu moja kuwa sababu ya kuipoteza nyingine. Amin.

Wabillahi tawfiq.